Kompyuta Iliyozima Harusi ya Zuhura

Msinicheke kabla sijamaliza, na nikishamaliza mkitaka kucheka chekeni, mimi nimezoea, ila wallahi mpaka leo nikipita njia za Timbwani nikamuona mmoja wa wanawake waliokuwa pale siku ile, huvuta buibui langu mpaka puani na kujifanya nina mafua.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ndiyo kwanza nimemaliza kusomea kompyuta kule mjini, ng'ambo ya feri. Nilikuwa nimepata kazi Nairobi lakini baba alikataa. "Mwana wa kike hatoki hapa akaenda kulala mji asiokuwa na jamaa," alisema. "Ukipata kazi hapahapa, fanya, sitakuzuia." Kaka yangu Athmani, aliyekuwa baharia, alinihurumia. Aliporudi safari akaniletea kompyuta kutoka Amerika, maboksi makubwa yaliyovushwa kwa mkokoteni huku watu wa feri wakiuliza kama ni friji, na pamoja nayo transfoma nzito kama tofali, kwa sababu mashine za kule hazistahimili stima yetu. "Asha," aliniambia mbele ya mama, "usiitie ukutani moja kwa moja. Ipitishie hapa kwanza, la sivyo utaiunguza." Nikamjibu, "Ah, kaka, mimi si nimesomea?" (Nimesomea! Neno hilo nikilikumbuka masikio yanawaka moto.)

Sasa kulikuwa na Mwalimu Rehema, mkuu wa shule moja ya wasichana, mama mpole, mwenye haiba yake, asiyepaza sauti. Alikuwa akitafuta mtu wa kumtungia programu ya kupanga alama za mitihani, na mama alikuwa amemwambia kwamba mtu huyo ni mimi. Jumamosi ile alikuwa anakuja harusini nyumba ya pili, kwa Zuhura, rafiki yangu tangu utotoni tunacheza kibe, na akasema akitoka huko atapita kwetu aione hiyo mashine inafanya nini. Kazi ya hapahapa, kama alivyotaka baba! Sikulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi nikaifunga mashine chumbani mwangu, transfoma nikaiweka chini ya kitanda, kila kitu kama nilivyoagizwa. Nikatia disketi moja, nikangoja, nikatoa, nikatia nyingine, mashine inakwaruza kama mtu akuna nazi, na mimi nimekaa mbele yake kama namlisha mgonjwa, mpaka ile lugha ya kutungia programu ikaingia yote. Kisha nikatunga kijiprogramu: ukiandika jina la mtu, kioo kinaandika KARIBU na jina lake kwa herufi kubwa, na kijimuziki kinalia. Nikaandika REHEMA. Ikamkaribisha. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ningeliacha mambo hapo, leo sina hadithi. Lakini nilitazama chumba changu, nikaona ndoo, nikaona nguo kwenye misumari, nikaona godoro lililobonyea katikati, nikajiambia, Mwalimu Rehema aingie humu? Nikaamua kuihamishia mashine sebuleni, kwenye meza ya mama yenye kitambaa cha kufuma. Uamuzi wenyewe ni huo tu.

Jambo moja lazima mlijue: kwa kina Zuhura hakukuwa na stima. Kwa siku ile walivuta waya kutoka kwetu, ukapita dirishani na juu ya ukuta, na huo waya mmoja ndio uliobeba feni, taa, kinanda na vipaza sauti vya taarabu. Alasiri ilipofika Zuhura alikuwa ameshakalishwa kitini amepambwa, chumba kimefungwa madirisha wanaume wasichungulie, na muziki unasikika mpaka barabarani.

Mwalimu Rehema akaja mapema kuliko nilivyomtazamia, na nyuma yake wanawake tele waliosikia kwamba Asha ana kitu kinachoandika jina la mtu. Sebule ikajaa asumini na udi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeitua mashine mezani.

"Ndiyo hii?" akauliza Mwalimu.

"Ndiyo hii, Mwalimu."

"Hebu tuione."

Nikaunganisha nyaya, na shangazi yangu Mishi (mwanamke asiyejua kungoja hata chai ipoe) akaniharakisha, "Washa basi, mwanangu, watucheleweshea bibi harusi!" Nikauchukua ule waya, nikaona tundu la stima liko palepale ukutani, nikachomeka. Transfoma iko chini ya kitanda.

Paa!

Moshi ukatoka nyuma ya mashine na harufu kama ya nywele zilizoungua. Feni yetu ikasimama. Huko ng'ambo ya ukuta kinanda kikakatika katikati ya wimbo, ikabaki sauti ya mwimbaji peke yake, nyembamba, haina kipaza, kisha nayo ikanyamaza, halafu wanawake wakapiga kelele. Shangazi Mishi akapiga kelele kuwashinda wote, "Moto! Moto!", akakimbilia jikoni, akarudi na ndoo iliyokuwa karibu kuliko zote, ndoo ya sharubati ya ukwaju iliyowekwa kwetu kwa ajili ya wageni wa harusi, akaimwaga yote. Ikaipata mashine, ikanipata mimi, na ikalipata gauni la hariri la Mwalimu Rehema kuanzia kiunoni kwenda chini.

Kabla hatujapumua, mama yake Zuhura akatokea mlangoni.

"Nani amezima stima? Mwanangu yuko kitini, poda yamtiririka!"

Hapa ndipo ningesema kweli. Mama alinitazama, akaningoja niseme. Mimi, ukwaju unanidondoka kidevuni, nikasema, "Si sisi. Wamekata stima mtaa mzima."

Watu wakanyamaza. Na katika ule ukimya tukasikia sote, wazi kabisa, redio ya duka la mkabala ikisoma matangazo ya vifo, na friji yake ikinguruma.

Walinitazama tu. Mwalimu Rehema akakamua pindo la gauni lake, akamwambia mama taratibu, "Inshallah tutaonana," akaondoka.

Baba aliitwa kutoka barazani kwa wanaume. Akaja na kanzu yake nyeupe, akaitazama meza, akanitazama. Akapanda kiti kukagua fyuzi, nayo imeungua, na nyingine hakuna. Basi ikaazimwa karabai, matari yakaletwa mahali pa kinanda, na mama yake Zuhura akanitia pepeo mkononi: "Haya, nenda ukampepee."

Nikapita katikati ya wanawake wote wale nanuka ukwaju, nikasimama kando ya kiti. Zuhura, bila kutikisa kichwa, maana bibi harusi hatikisi, akaninong'oneza, "Asha, kweli ni weye?"

"Ni mimi."

"Basi pepea kwa nguvu."

Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi.

Athmani alipoifungua mashine alikuta kilichoungua ni ile sehemu ya kupokea stima tu, na ndani sisimizi wamekwisha kuhamia na watoto wao. Akatafuta nyingine, tukasafisha kwa pamba, ikawaka. Lakini kazi ya shule ilikuwa imepewa kijana mmoja wa Changamwe. Nikajikaza, nikanunua gauni, nikampelekea Mwalimu Rehema ofisini kumwomba radhi. Alilipokea, akaniketisha.

"Mashine kuungua ni jambo la kawaida," alisema. "Hata gauni si kitu. Lakini ulisema stima imekatwa, Asha, na mimi natafuta mtu wa kumkabidhi alama za watoto wa watu."

Nilirudi nyumbani nikaeleza, na baba, ambaye siku zote zile hakuwa amelizungumzia jambo lile, akasema tu, "Amesema kweli."

Programu nimezitunga nyingi baadaye, alhamdulillahi, na nyingine zimenilisha. Lakini tangu siku ile niliapa, kikiharibika kitu mbele yangu sitangoja kuulizwa. Majuzi nilikuwa mgeni nyumba ya watu huko Kisauni, nimekaa sebuleni na kahawa yangu, sahani zikaanguka jikoni, na mimi huyo nimeruka kitini napiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!"