Swali Moja la Hesmera

Hesmera aliuza supu ya konokono penye daraja la Oskel. Miaka yote tuliyokaa bega kwa bega sokoni, mimi na mizizi yangu ya kuchoma, yeye na chungu chake, sikumsikia hata siku moja akiuliza kitu. Si kwamba alikuwa mjuaji wa yote. Oskel hatuulizi. Mtoto wetu akianza kutamka, kabla hajajua hata kunawa mikono, hufundishwa kwanza kulimeza swali. Hesmera alilimeza vizuri kuliko sisi sote, ndiyo maana yaliyompata yananiuma mpaka leo.

Wageni hudhani tuna kiburi. Wanakuja na mapanga mgongoni na mifuko ya uganga kiunoni, huyu mrefu mwenye masikio ya ncha, yule mfupi mwenye ndevu mpaka kitovuni, na hata kukaa hawajakaa: "Mama, nani anaishi kwenye ule mnara? Kuna hazina? Kuna njia ya chini?" Sisi tunatazama vidole vya miguu yetu. Baada ya siku chache mapanga yao yananing'inia kwa mhunzi, yanauzwa bei poa, na hakuna mtu anayesema yametoka wapi. Siwahurumii sana. Mtu anayeingia mji wa watu akipayuka asitegemee kutoka salama.

Mnara ni wa Udugu wa Wadadisi. Hilo ndilo jina lao, lakini sisi huwaita watu wa juu, na tunalisema kwa sauti ndogo. Wanataka kujua kila kitu kilicho juu ya ardhi na chini yake, na wanakusanya kila anayetaka kujua kama wao. Sheria yao ni fupi: ukiuliza swali mbele ya masikio yao, umeomba kujiunga. Jibu hawakupi. Wanakuwekea kokoto jeusi kiganjani, na kesho yake kabla jua halijazama, miguu yako itakupandisha ngazi za mnara, utake usitake. Anayepanda, akionekana tena, huwa amevaa kijivu, macho hayapepesi, na hamjui aliyemzaa.

Basi sisi tuna namna yetu. Ukitaka kujua jambo, unalisema kinyume, kisha unangoja kusahihishwa.

"Konokono hawa ni wa juzi," mteja atamwambia Hesmera.

"Cha juzi ni hicho kinywa chako. Hawa nimewatoa bwawani alfajiri, bado wanajinyoosha."

"Basi bakuli moja ni shaba tano."

"Mbili. Na ukae pale, usinizibie upepo."

Hata mimi alizoea kunianza asubuhi: "Yarga, mumeo kafa."

"Hajafa, kalala. Ingawa kwa yule, tofauti ni ndogo."

Tulikuwa tunacheka hivyo mpaka makaa yashike. Alikuwa mwanamke mpana, bega la kushoto limeinama kwa kubeba chungu tangu usichana, na kovu la supu ya moto kwenye kifundo cha mkono. Mumewe alizama bwawani. Katika watoto wanne alibakiwa na mmoja tu, Ilsin, mtoto mwenye macho kama ya paka aliyeona tundu la panya, na meno ya mbele bado hayajaota upya. Mtoto huyo alikuwa amejaa maswali mpaka unayaona yakimtembea shavuni. Hesmera alimfundisha kwa upole, kwa fimbo, kwa nyimbo, kwa kila njia.

"Ukitaka kujua, kosea," alikuwa akimwambia. "Dunia imejaa watu wanaopenda kusahihisha wenzao."

Na mtoto alijifunza. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mzee mmoja kwamba mwezi ulitengenezwa na bibi yake, akapewa mafunzo ya nusu siku bure.

Watu wa juu hushuka siku za soko. Hukaa wanapotaka, hula bila kulipa, na hakuna anayewakatalia. Wakiwa karibu tunazungumza mambo ya mvua, kwa sababu mvua haina haja ya kuulizwa, inanyesha tu. Siku ile mmoja alikuja akakaa kwenye kigoda cha Hesmera. Alikuwa na sura changa, ndevu hazijajaa. Ilsin akampelekea bakuli, akasimama mbele yake akimtazama. Inzi alitua kwenye jicho la yule mtu, akatembea juu ya mboni kutoka pembe hii hadi pembe ile, na lile jicho likabaki wazi.

"Mjomba," Ilsin akasema, "mbona hufumbi macho?"

Upawa ulimtoka Hesmera mkononi. Muuza kuku wa jirani akafunika matenga yake. Na kinachonichukiza mpaka leo ni kwamba yule mtu alimaliza supu yake kwanza. Alimaliza yote, akakung'uta maganda, akafuta midomo, kisha akachukua kiganja cha mtoto akakiwekea kokoto, akakikunja vidole kimoja kimoja kama mtu anayefunga zawadi. Akaondoka.

Hesmera alijaribu kulitoa kwa mafuta ya konokono, kwa majivu, kwa kisu butu, mpaka mtoto akalia. Kokoto lilikuwa limeshika kama limeota pale. Ilipofika alasiri tuliona jambo jingine. Ilsin alikuwa amekaa kwenye mkeka anakula mzizi wangu wa kuchoma, kifua kinatuelekea sisi, lakini nyayo zake zilikuwa zimegeuka, zinatazama mnara.

Ndipo Hesmera akanivuta ndani kwake, akafunga mlango.

"Yarga, unadhani mimi ni mwoga."

"Nadhani una wazimu. Keti."

"Nyumba moja hutoa watu wawili."

"Mmoja," nikamsahihisha, na nilipolisema tu nikajua anakokwenda, nikatamani nijing'ate ulimi. Kila mtu Oskel anaikumbuka habari ya mapacha wa fundi mitumbwi. Mmoja aliuliza mvua itakoma lini, akapewa kokoto. Mwenzake kwa uchungu akauliza kuna nini chini ya bwawa. Mtu wa juu aliyekuwa pale alilitoa kokoto kwa wa kwanza akampa wa pili. Nyumba moja hutoa mmoja, naye ni yule mwenye swali zito, na swali zito ni lile ambalo wao wenyewe hawana jibu lake.

"Kesho yule mtu atarudi kumsindikiza mtoto," Hesmera akasema. "Nitauliza mbele yake."

"Utauliza habari za nyota."

"Nyota wanazo zote, wamezihesabu. Kuumbwa kwa dunia pia wanajua. Nasikia wana majibu matatu, na yanagombana. Nataka kitu wasichonacho, Yarga. Mimi muuza supu, sijui wasichonacho."

Kisha akasema afadhali ajifunze kwanza namna ya kuuliza, maana alikuwa hajawahi. Akajaribu. Sauti yake ilikuwa inaanguka mwishoni, kama mtu anayemfukuza mbuzi. Nilimwambia aipandishe, akaipandisha mno, ikawa kama ya jogoo mgonjwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, tukashikana mabega. Kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Nilimpenda sana yule mwanamke. Sikuwahi kumwambia, kwa kuwa hakuwahi kukosea akasema simpendi.

Kesho yake hakufungua biashara, lakini alipika. Alipika chungu kidogo, cha bakuli moja. Mchana yule mtu alikuja. Ilsin alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya daraja, na hatukumfunga kwa ukatili: miguu ilikuwa imeanza kwenda yenyewe, na mama yake alitaka dakika chache zaidi.

"Karibu, mwanangu," Hesmera akamwambia yule mtu. "Kula kwanza."

Akala. Hesmera akachuchumaa mbele yake, mikono juu ya magoti, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyeanguka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa nyota, kwa mizimu, kwa bwawa. Akasema taratibu, na sauti yake ikapanda mwishoni vizuri kabisa:

"Mama yako alikuwa akikuitaje?"

Yule mtu aliacha kutafuna. Mdomo ukafunguka. Tulimwona akitafuta, shingo inacheza, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Supu iliganda kwenye bakuli. Muuza kuku aliketi chini. Na mwisho wa yote, yale macho yalifumba, mara moja, yakafumbuka yakiwa na maji.

Hakupata kitu. Aliinuka, akaenda kwenye nguzo, akalitoa kokoto kwenye kiganja cha Ilsin kwa urahisi kama anavyookota punje ya mahindi, akampa Hesmera.

Ilsin alifunguliwa. Mama yake alimfunga kitambaa kichwani upya, akamnusa shingoni, akasema, "Nitarudi kesho."

Mtoto alikuwa amefundishwa vizuri. Alijua kauli ya makosa akiisikia, na alijua kazi yake ni kuisahihisha. Alifunga kinywa chake chenye pengo, hakuisahihisha. Hesmera akageuka na miguu yake ikampeleka, bega la kushoto chini, mpaka ngazi zikammeza.

Nilimlea mimi. Sikumlea vibaya. Alikua msichana mkimya kupita kiasi, na kwa muda mrefu nilishukuru kwa huo ukimya. Akaolewa na Dovan, mkata matete, kijana mzuri anayekosea kwa ustadi, ambaye siku ya posa aliniambia, "Shangazi Yarga, wewe hutanipa huyu binti," nami kwa mazoea nikamsahihisha. Wakajenga kibanda upande wa pili wa daraja. Ilsin akatundika chungu chake mwenyewe, kwa maana kwetu nyumba haiwi nyumba mpaka chungu kitundikwe, akaanza kuuza supu ya konokono pale pale alipokaa mama yake.

Siku ya kwanza ya soko baada ya chungu kutundikwa, mtu wa juu alishuka. Nilimwona bega kabla ya kumwona uso. Limeinama kushoto. Akaja akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono kupokea bakuli, na kovu la supu lilikuwa pale pale kwenye kifundo. Hesmera. Amekonda, nywele zimekuwa na rangi ya nguo yake, na macho hayapepesi.

Ilsin alimimina supu. Alimimina mpaka ikafurika ukingo wa bakuli. Alikuwa mtoto mdogo alipomwona mara ya mwisho, lakini bega lile nani asingelijua? Samahani, swali hilo limenitoka. Niko peke yangu hapa, dirisha limefungwa.

Mimi nilielewa kabla yake. Nyumba ya Hesmera ilikwishatoa mmoja, kwa hiyo miaka yote Ilsin alikuwa salama akiwa kwangu, amehesabiwa nyumba ya mama yake. Sasa ana chungu chake. Ni nyumba mpya, na haijatoa mtu. Walingoja. Hawakumtuma mtu mwingine yeyote kati ya mamia waliyo nayo kule juu, walimtuma yule ambaye binti yake angetamani kumuuliza kuliko wote duniani. Namwogopa mwenye panga, lakini mwenye subira ya namna hiyo namwogopa zaidi.

Nikamshika Ilsin mkono. Akajinasua. Alikuwa amelelewa Oskel, alijua njia yetu. Akavuta pumzi, akamwambia yule mwanamke wa kijivu, sauti imelala chini kama inavyotakiwa:

"Mama yangu hakunipenda."

Akangoja asahihishwe.

Yule mwanamke alikunywa supu. Alikunywa yote, akakung'uta maganda, akafuta midomo. Mkono wa kulia tu ndio uliokuwa unafanya kazi. Wa kushoto ulikuwa umefumbwa pajani, na kati ya vidole niliona weusi wa kokoto.

Amekuja kila siku ya soko tangu hapo. Ilsin anamwambia maneno yale yale, na kila mara anayasema polepole zaidi, na mwishoni sauti imeanza kupanda kidogo. Dovan haoni. Wateja wanazungumza mvua. Mmoja anangoja kusahihishwa na mwingine anangoja kuulizwa, na supu inapoa kati yao.

Juzi nilikihamisha kigoda changu, na makaa yangu na mizizi yangu yote. Sasa nakaa katikati yao, karibu kiasi kwamba kiganja changu kinaufikia mdomo wa Ilsin.