Kurasa Tatu za Kabula

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1983, upepo wa vumbi ulivuma Ibra, mji wa Waarabu, tangu alfajiri, mchanga ukaingia hadi kwenye vikombe vya kahawa. Mabruka binti Sleyum alivisuuza mara mbili. Alasiri ile ilikuwa inakuja posa ya Fawziya, binti wa mdogo wake, Nadhir, na mama wa kijana aliyeposa, Bi Khole, alisifika kwa kukagua vikombe vya watu.

Mabruka alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, asiye na mtoto, akiishi kwa Nadhir tangu walipohama Shinyanga miaka kumi nyuma. Alichotoka nacho huko ni daftari moja la jalada jeusi. Baba yao aliondoka Ibra hii hii akiwa kijana, akavuka bahari, akafungua duka la chumvi na kaniki huko Shinyanga, bara, mwisho akawa na ng'ombe mia nne. Mzee hakujua tarehe, alijua ng'ombe. Basi Mabruka alipomwandikia habari za ukoo, aliziandika hivyo hivyo: mwaka Pembemoja alipoliwa na simba, mwaka wa ukame walipobaki kumi na tisa. Nadhir alizaliwa juma ambalo Madoa alizaa mapacha, na kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, alikuzwa kwa maziwa ya Madoa.

Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa za mama huyo, Kabula binti Maganga, Msukuma. Mzee Maganga alimpa mkwewe mitamba sita. Zizi lote lilianzia hapo.

Wiki moja kabla ya posa, Nadhir aliliazima daftari akamwonyeshe mzee wa kabila, aandikiwe cheti cha nasaba. Alilirudisha asubuhi hiyo ya vumbi. Mabruka akahesabu kurasa, kama ilivyokuwa desturi yake. Tatu hazikuwamo. Zilikatwa kwa wembe, kwa mkono uliotulia.

Nadhir hakukana. Alisema watu wa Bi Khole ni wa Unguja, huuliza nasaba kwa baba na kwa mama, na posa mbili za Fawziya zimekwisha kuvunjika kwa sababu ya bibi Msukuma. Kurasa alikwisha kuzichoma.

"Mama keshakufa, dada," alisema. "Hakuna la kumdhuru tena. Fawziya yu hai."

Wageni wakaja. Bi Khole alionja kahawa, akatania kwamba alidhani watu wa bara wataitia maziwa. Wanawake wakacheka, na Fawziya naye akacheka. Kisha, kwa sauti ya upole, Bi Khole akauliza:

"Na mama yenu, Bi Mabruka, alikuwa binti wa nani?"

Fawziya aliacha kucheka. Mabruka alikuwa ameshika birika. Alimaliza kwanza kujaza kikombe cha mgeni.

"Ami yake baba," alijibu. "Baba alimwoa binti ami."

Bi Khole akaitikia kwa kichwa, akanywa. Kabla ya magharibi mahari yalikwisha kukubaliwa.

Asubuhi ya pili upepo ulikuwa umetulia. Mabruka alikwenda sokoni akanunua daftari jipya, akaketi nalo jikoni. Aliandika: Kabula binti Maganga, wa Shinyanga, mwenye mitamba sita. Alizaa watoto wawili. Hapo Mabruka alitafuta ng'ombe wa kuutajia mwaka huu asimpate, akaandika tarehe kama watu wengine: walimkana wote wawili, Jumatatu, 14 Machi 1983.