Kipaza Sauti cha Dawa ya Panya

Hapa mtaani Jericho, kipaza sauti kikilia nje, watu hufunga madirisha. Tumechoka. Tangu asubuhi wachuuzi hupita na sauti zilizorekodiwa, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, zikijirudia mpaka kichwa kinauma. Mimi mwenyewe hufunga.

Kwa hiyo kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu, na ofisi iliyotusimamia sisi wahudumu wa afya wa kujitolea ikanikabidhi kipaza sauti chenye ujumbe uliorekodiwa, niliwaambia hakitafaa. Niacheni nibishe hodi, nikasema, mlango kwa mlango. Wakajibu kwamba huo ni mwendo wa kobe. Basi nikakitundika begani huku nimenuna, nikazunguka nacho: chemsheni maji ya kunywa, hata ya mfereji. Madirisha yalifungwa mbele yangu moja baada ya jingine.

Siku chache baadaye jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu alinijia mbio, amembeba mwanawe wa pekee, msichana wa chekechea. Mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu alfajiri. Tulimkimbiza hospitalini, akatundikiwa dripu, nasi tukakaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Nilikusikia ukipita," mama yake akaniambia bila kunitazama. "Nikadhani ni wale wa panya. Nikafunga dirisha ndio mtoto alale."

Kisha akanigeukia.

"Si ungebisha tu, siste? Mlango yangu unaijua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akanisukuma bega.

"Sasa unangoja nini hapa? Wengine bado wanakunywa hiyo maji. Enda."

Nikarudi mtaani. Kipaza sauti nilikitupa chini ya kitanda, nikaanza kubisha. Hodi, ni mimi jirani yenu. Mtoto wa pale kwetu yuko kwa dripu, na ni haya maji ya mfereji. Watu walifungua. Waliuliza ni mtoto gani, nikawaeleza, wakamkumbuka, wakabandika sufuria jikoni. Mama mmoja alimwaga mtungi mzima pale pale mlangoni, viatu vyangu vikalowa. Kila mlango uliofunguka ulizidi kunitia hasira, kwa sababu ungefunguka vivyo hivyo tangu mwanzo.

Giza lilikuwa linaingia simu yangu ilipolia. Alikuwa mama wa mtoto.

"Mtoto ametuacha," akasema.

Nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Umebakisha nyumba ngapi?"

Nikamwambia ni mstari mmoja tu, ule wa karibu na soko.

"Maliza kwanza," akasema. "Halafu ukuje tulie."