Mkono wa Mchinjaji

Nikolausi Akonaay anachinja ng'ombe hapa Mogitu tangu akiwa kijana, na mimi nauza chai na chapati ubavuni mwa bucha lake. Ninayosema nimeyaona kwa macho yangu. Wanaodai alikuwa mlevi ni waongo wakubwa. Pombe hakuonja hata siku ya harusi yake.

Alikuwa mpole mpaka anaudhi. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, mate yakawa yanamtoka akiongea. Mteja mmoja akamtania, "Nikolausi, leo umeamkia kilabuni?" Mdomo uliponza kichwa. Nikolausi alimshika kisogo akamgonga uso kwenye gogo la kukatia nyama, meno yakabaki pale pale kwenye gogo. Tangu hapo ikawa ni ngumi tu. Mkewe, Hilaria, alichapwa kwa mkanda; Nikolausi akalia, akamwomba radhi, akamchapa tena. Nilimchukia, nasema wazi.

Hilaria, masikini, aliamini mumewe amepungukiwa damu. Huku kwetu maini ni haki ya mchinjaji, basi kila mumewe aliporudi nayo alimkaangia sahani nzima apate nguvu. Hali ilipozidi kuwa mbaya, naye akazidisha maini.

Siku ya mnada, Sulle, mdogo wake Nikolausi, alijaribu kumnyang'anya kisu. Kilishuka kikaondoka na sikio la kushoto la Sulle. Lilianguka vumbini, mbwa akaja kulinusa. Vijana wakamvamia Nikolausi kwa mawe na magongo, nikajua leo tunazika. Aliyewazuia ni Sulle mwenyewe, damu ikimchuruzika shingoni. Alimfunga kaka yake mikono na miguu kwa kamba ya ng'ombe, tukampandisha kwenye mkokoteni wa punda mpaka hospitali.

Huko alikuwepo daktari Godlisten, mtu wa Kilimanjaro, aliyekuwa akitafiti madini yaliyomo miilini mwa watu. Alimmulika Nikolausi machoni, akaona duara la kahawia limezunguka weusi wa jicho. Wakampima mkojo. Ilikuwa ni shaba.

"Kila chakula kina shaba kidogo," alitueleza. "Ini huitoa inayozidi. La huyu haliitoi, kwa hiyo imejaa kwenye ini, sasa imepanda kwenye ubongo. Mnamlisha nini?"

Hilaria akamwambia. Daktari akasema maini ndiyo yenye shaba nyingi kuliko nyama yoyote. Hilaria alijipiga kifuani mpaka nikamshika mikono.

"Si wewe uliyemletea, mama. Ugonjwa huu ni wa kurithi, ameupata kwa baba na mama yake, nao wenyewe hawakuugua. Ndugu zake wa tumbo moja waje wapimwe. Ukionekana mapema, vidonge vinauzuia. Ukichelewa, unaua."

Sulle, bandeji kichwani, akasema, "Mimi na huyu? Sina ndugu." Akatoka. Tangu siku hiyo hata shikamoo hakumpa kaka yake.

Nikolausi alirudi na vidonge vya kumeza maisha yake yote. Polepole hasira ikamtoka, ulimi ukanyooka, mkono ukatulia. Maini akawa anauza tu. Wateja wakarudi, wakaanza hata kumsifu, na hapo ndipo Sulle alipochemka. Yeye kabaki na shimo kichwani, aliyemkata anasifiwa!

Alikuja asubuhi na panga, bila salamu. Alilishusha kuelekea shingo ya kaka yake, likaenda pembeni, likapasua paja la ng'ombe lililotundikwa. Akalinyanyua tena, likamponyoka likaanguka sakafuni. Mimi nilikuwa nimeshamwaga birika zima nikipiga kelele.

Nikolausi hakukimbia. Alikuwa anautazama mkono wa mdogo wake.

"Sulle, unatetemeka tangu lini?"

"Nyamaza!"

"Tangu lini, mdogo wangu?"

Sulle akainama kuokota panga, vidole vikakataa kufumba. Nikolausi akamrukia kama enzi zile za ubaya wake. Akamwangusha, akamkalia kifuani. Sulle akamng'ata mkono, akaondoka na kipande cha nyama, lakini kaka yake hakumrudishia hata kofi. Alivuta kamba ya ng'ombe ukutani, akamfunga mikono na miguu.

"Mama Evelyne, niitie mkokoteni!" alinipigia kelele. Kisha akamwinamia mdogo wake, damu ikidondoka kati yao. "Wewe ulinifunga hivi hivi, nikapona. Sikufungui mpaka mbele ya daktari."

Sulle akamtemea mate usoni. Nikolausi hakujifuta. Walitazamana hivyo mpaka midomo ya Sulle ikaanza kucheza, na machozi yakamshukia upande ule usio na sikio.

"Tangu tulipovuna mbaazi, kaka," alisema. "Hata vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu."