Kaseti za Baba Yake Mwalimu

Juzi tulikuwa tunabomoa jiko la zamani la Susu, nyanya yangu, hapa Migwani. Ndani ya debe la mbegu za mbaazi nikapata ile redio ya kaseti ya mwalimu wetu wa zamani. Kaseti bado iko ndani. Nilikaa chini tu, rafiki yangu, mbegu zikinimwagikia miguuni.

Labda hujui kwamba wakati mmoja sisi tulikuwa mashabiki wa timu ya Amerika. Si mpira wa miguu huu wetu. Ni ule wao wa kubeba mkononi na kuangushana. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa kijana wa huko, amekuja kujitolea, na alikaa kwa Susu. Baba yake alirekodi mechi kutoka redioni, akatuma kaseti kwa posta.

Jumapili baada ya kanisa watu walijaa uani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuanika mawe ya redio, yaani betri, juu ya bati tangu asubuhi, yapate nguvu. Susu alipakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mwalimu alikuwa ametuchorea mchezo mchangani: unapewa nafasi nne za kusonga hatua kumi, ukishindwa unaachia wenzako mpira. Lakini Kiingereza cha mtangazaji kilikimbia mno. Sisi tulimsikiliza yule mzee, baba yake mwalimu, kwa sababu sauti yake iliingia kwenye kaseti. Akipiga kelele, tumesonga. Akiguna, tumeangushwa. Na timu yetu, jamani, ilikuwa ya kuangushwa.

"Susu, unashangilia watu ambao hata sura hujawaona," fundi wa baiskeli alimtania.

"Na Mungu umemwona sura? Mbona leo ulikuwa mbele kanisani?"

Mwaka ule timu ikaanza kushinda, ikafika fainali. Kaseti ya fainali ilipokuja, hata kwaya ilihudhuria na sare zao. Mwalimu alikuwa ametuambia tuko nyuma kwa pointi tatu, ndipo Susu akainua mkono.

"Mwalimu, zima. Huyo mzee anakohoa."

"Kule ni baridi, Susu."

"Hicho si kikohozi cha baridi. Nilikisikia kwa mzee wangu kabla hajafa."

Akasimama akamwombea, nasi tukainamisha vichwa. Baada ya amina, fundi akauliza polepole, "Mwalimu, hii ilirekodiwa lini?"

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Wiki sita. Mechi ilikuwa imekwisha zamani, na lolote la kumpata yule mzee lilikuwa limeshampata, nasi tumekaa hapo na sahani za muthokoi.

"Sasa tunaomba nini?" mama mmoja wa kwaya aliuliza.

"Ombeni tu," Susu alisema, lakini hakumwangalia mtu.

Mwalimu akawasha tena. Mawe yalikuwa yamechoka. Sauti ya mzee ikawa nzito, ikajiburuta, ikanyamaza.

Telegramu ilifika Jumatano. Mwalimu aliisoma akiwa ubaoni, akaiweka mfukoni, akaendelea kutufundisha kugawanya mpaka kengele ikalia. Aliondoka na begi moja na hakurudi. Redio alituachia. Nilianika mawe, Susu akayatoa batini. "Acha mzee apumzike," alisema. Sasa yeye mwenyewe amelala kando ya shamba la mbaazi, na kwenye ule ua wanapita kuku tu.

Jana nilinunua mawe mapya, nikamwita fundi. Amezeeka, anatembelea fimbo. Nikabonyeza. Mzee wa Amerika akaguna, akakohoa sana, kisha akanyamaza. Mechi ikaendelea bila yeye. Mwishoni uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, lakini kelele za nani, sikujua. Tuliinama karibu na redio tukingoja sauti yake ituambie, mpaka mkanda ukaisha.

"Tumeshinda?" fundi aliniuliza.

Nilifungua redio, nikageuza kaseti, nikasikiliza upande wa pili. Haukuwa na kitu.