Siku Tuliyokwenda Buleusa Kumsimamisha Mwinjilisti

Mkitaka kucheka chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka nikiwa peke yangu, lakini kila nikianza kucheka namwona Papa Mubake na kicheko kinakatika katikati, kwa sababu aibu ilikuwa yangu na aliyeilipa ni yeye. Ni aibu ya neno moja. Neno moja tu la Kiswahili, na hakuna aliyenishika mkono niliandike, nililichagua mwenyewe kwa majivuno yangu.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni katibu wa timu ya viongozi wa kanisa letu katika jimbo, sisi tunaozunguka makanisa madogo ya Masisi na Walikale kufundisha wainjilisti, kupatanisha waliogombana, na kuweka mchungaji pale ambapo watu wameomba mchungaji. Mwenyekiti wetu ni Mchungaji Bauma, mtu mpole, anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi (na mimi, Mungu anisamehe, huwa nammalizia). Kazi yake ni kuamua, kazi ya Mama Furaha ni akina mama, na kazi yangu ni maneno: matangazo, ripoti, barua. Nayapenda maneno kupita kiasi. Tangu nilipotoka chuo cha Biblia nimekuwa nikisahihisha Kiswahili cha watu hata wakiwa wanaomba, wamefumba macho, mimi namnong'oneza mtu kando yangu kwamba pale alipaswa kusema hivi na si vile. Mke wangu amenionya mara nyingi.

Sasa huko Buleusa, upande wa Walikale, kulikuwa na mwinjilisti, huyo Papa Mubake, mkulima wa mihogo na ndizi, mtu wa huko huko. Vita vilipofika na watu wakakimbilia msituni, alikimbia nao, akawa anawaombea chini ya miti kwa sauti ya chini ili wasisikike, na waliporudi yeye ndiye wa kwanza kupanda juu ya kanisa kuziba mabati yaliyotobolewa. Wakristo wakatuomba wapewe yeye awe mchungaji wao. Timu nzima ikakubali bila ubishi, jambo ambalo kwetu halitokei kila siku, na Mchungaji Bauma akaniambia nitume tangazo redioni.

"Andika tu installation," akasema, "batu banaelewa."

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Nikamjibu, "Papa Mchungaji, kanisa si ofisi ya serikali kule territoire, tuweke Kiswahili." Nikaenda kukaa na kalamu yangu. Kwanza nikafikiria kumsimika, nikaliona neno kavu, mtu unamsimika kama nguzo ya ua. Ndipo likanijia lingine. Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Masisi nyuma ya ng'ombe tunajua: wakati wa mvua ng'ombe mwenye mimba akianguka kwenye matope, hawezi kuinuka peke yake, mwenye ng'ombe anapiga kelele na kilima kizima kinakuja, hata jirani mliyegombana naye jana anakuja, huyu anashika mkia, yule pembe, wengine wanaingiza mabega chini ya tumbo, wanasukuma na kuimba na kutukanana mpaka mnyama asimame, na jioni mnasema, leo tumemsimamisha ng'ombe wa fulani. Kwetu ni neno tamu, lina jasho la watu wengi ndani yake. Basi nikaandika kwamba timu ya jimbo itafika Buleusa Jumapili, siku ya Mungu, kumsimamisha Mwinjilisti Mubake mbele ya kanisa lote. Nikalisoma mara ya pili, nikajipongeza.

Redio ikalisoma asubuhi na jioni, wiki nzima.

Jamani, Buleusa hawafugi ng'ombe. Wana mashamba, wana mitego, wana msitu, na neno kusimamisha wanalijua kutoka kwenye hiyo hiyo redio, mwalimu fulani amesimamishwa, chef wa kijiji fulani amesimamishwa, yaani ametolewa kazini kwa kosa. Kwa hiyo wiki nzima, wakati mimi nakunja joho jipya la Papa Mubake kwenye mfuko ili lisipate vumbi, wao walikuwa wanasikia kwamba watu wa Masisi wanakuja kumtoa mtoto wao mbele ya kanisa lote. Hakuna aliyetupigia simu. (Ungempigia nani, yule anayekuja kukuchinja?)

Tukaenda. Tulipanda moto, yaani pikipiki, mpaka pale zinaposhindwa, halafu miguu, Mama Furaha na furmaji, ile jibini ya Masisi, kichwani, mimi na mfuko wa joho, na bidoni ya maziwa ambayo ilishaanza kuganda kabla hatujafika nusu ya njia. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Njia nzima nilikuwa najaribu hotuba yangu kwa sauti, mpaka Mchungaji Bauma akaomba tutembee kimya kidogo ili asali.

Kufika, hakuna ngoma, hakuna watoto wa kutulaki, kimya. Kanisa limejaa mpaka nje, na akina mama wameketi chini, mikono mashavuni, vitenge vimevutwa mpaka usoni. Nikamnong'oneza Mama Furaha, "Ona heshima ya watu hawa."

"Papa Katibu," akasema, "hii haiko heshima. Hii iko matanga."

Nikamwambia anaona vibaya kwa sababu ya uchovu. Nikapita mbele, nikaanzisha wimbo wa furaha, ule ambao popote jimboni ukiuanza tu watu wanaruka. Niliimba ubeti wa kwanza peke yangu. Nikafikiri nimeanza juu mno, nikashusha sauti, nikaanza tena, na makofi, peke yangu, makofi yangu yakigonga mabati na kunirudia. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikasema moyoni, hawa wamezoea kusali kwa sauti ya chini tangu vita, wanahitaji kuamshwa, basi nikanyoosha mkono kwa Papa Mubake aliyekuwa kwenye benchi la mbele na mke wake Mama Neema, nikapaza sauti: "Wapendwa, leo ni siku kubwa! Tumekuja kumsimamisha mtumishi huyu! Je, mko tayari asimamishwe?"

"Apana!" kanisa zima.

Nikadhani hawakusikia vizuri. Nikauliza tena, kwa tabasamu. "Apana!" wakajibu, sasa kwa hasira, na mama mmoja mzee akasimama akaninyooshea kidole: "Munamusimamisha juu ya nini? Alikosa nini? Wakati ya vita ninyi mulikuwa wapi? Yeye njo alibeba mujukuu wangu kwa mugongo mu pori! Murudi kwenu na bangombe benu!"

Nikainama kwa Mchungaji Bauma, nikamwambia, "Kumbe hawamtaki." Yeye alikuwa anatazama nyuso za watu, akaanza kusema polepole, "Ngoja kwanza, Katibu, naona kama..." na mimi, kama kawaida yangu, sikumngoja amalize. Niligeuka nikasema kwa ile sauti ya chuo: "Basi, kama kuna neno juu ya ndugu huyu, lisemwe sasa. Ama aliseme yeye mwenyewe."

Papa Mubake akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana, na alipofika mbele akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka mezani.

"Musigombane juu yangu," akawaambia watu wake. Halafu akatugeukia sisi. "Bapapa, miye najua juu ya nini munakuja kunisimamisha. Nilikuwa nafikiri hakuna mutu mwenye aliwaambia. Wakati baba yangu alikufa kule mu pori, bajomba balikatala kumuzika. Balisema miye njo mutoto wa kwanza, nishike mukuki yake, nizunguke kaburi, niite bakubwa benye balikufa zamani. Kama sivyo, maiti itabakia pale. Nilishika. Niliita majina yao yote. Kiisha nikanawa mikono, nikarudi kuombea hawa batu, na sikumuambia mutu, hata Mama Neema. Kila mara nikigawa mukate ya Meza ya Bwana, hii mikono inanilemea."

Mama Neema hakulia. Alimtazama mume wake kama mtu anayehesabu upya miaka yake, halafu akavuta kitenge kichwani.

Mchungaji Bauma akaniuliza, mbele ya wote, "Katibu, kwa redio uliandika nini?"

Nikamwambia. Na hapo, ndugu zangu, badala ya kuomba msamaha na kukaa, nikaanza kulieleza kanisa habari za ng'ombe kwenye matope. Nilieleza mkia, pembe, mabega, nilionyesha hata kwa mikono, na nikasema mtumishi wa Mungu ni vilevile, tulikuja kumwinua. Hakuna aliyecheka, na ningetoa kitu chochote nisikie mtu mmoja anacheka. Mama Furaha alikuwa ameshafungua mfuko, akalitoa joho, jeupe, na utepe wa bluu shingoni, akalishika juu watu walione.

Yule mama mzee akasogea akaligusa. "Kumbe mulikuja kumuvalisha?" akasema, na kanisa lote likaanza kulia, na mimi nikalia pamoja nao, kwa uchungu ambao sijausikia tangu nimzike mama yangu.

Mnajua sheria yetu. Mtumishi aliyefanya desturi za mababu kaburini anawekwa kando mpaka timu ya jimbo ikae. Mchungaji Bauma alianza sentensi, akaiacha, akaanza tena, na safari hii sikuthubutu kummalizia. Mwishoni akasema, "Papa Mubake, ungeniambia tukiwa peke yetu, tungelia pamoja na tungetafuta njia. Lakini umesema mbele ya kanisa, na kanisa linatuangalia. Unajuta?"

"Kuzika baba, sitajuta," akajibu. "Kuficha, njo najuta."

Basi akawekwa kando. Mchungaji Bauma aliuchukua ufunguo mezani kwa mikono miwili, akampa shemasi mmoja. Yaani mimi nilikosea neno, na kabla jua halijapinda neno likawa kweli: tulikwenda Buleusa kumsimamisha Papa Mubake, na tukamsimamisha, kama walivyolisikia wao.

Walitulisha, mjue. Baada ya yote hayo walituletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, na Mama Neema mwenyewe akatumwagia maji ya kunawa. Furmaji yetu hakuna aliyeikata. Wakati wa kuondoka nilimfuata Papa Mubake nyuma ya kanisa, nikamwomba msamaha, na kwa mara ya kwanza sikuwa na sentensi nzuri.

"Papa Katibu," akasema, "redio yako ilichokoza kitu kilikuwa ndani yangu miaka. Siku moja pengine nitakushukuru. Leo nakukasirikia."

Nikamwambia ana haki. Akanisindikiza hata hivyo mpaka kwenye kijito, kama wanavyomsindikiza mgeni huko.

Timu ilikaa tuliporudi. Nilipopewa nafasi nilisema tu kwamba mtu huyu alituambia ukweli wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaujua, na kwamba mimi ndiye niliyemvua nguo sokoni, halafu nikaketi (Mchungaji Bauma akanitazama kuona kama ninaumwa). Walikubali arudishwe na avalishwe. Lakini kabla hatujapanga safari njia ikafungwa, risasi zikaanza tena upande ule, na mpaka leo hakuna mtu wa kwetu aliyefika Buleusa. Joho limening'inia nyuma ya mlango wangu. Kila nikifunga mlango kulala naliona, na najua kwamba kule yeye bado anagonga rimu ya gari, kengele ya kanisa lao, kuwaita watu kwenye sala, halafu anaingia wa mwisho na kukaa benchi la nyuma, huku mtu mwingine ndiye anayesimama mbele.

Wiki chache zilizopita mtangazaji wa redio alinipigia kuhusu tangazo la uamuzi wetu, akaniuliza safari hii aandike neno gani. Nikamwambia asiandike neno la kanisa hata moja, aseme tu kwamba njia ikifunguka tutakuja na lile joho, wataelewa. Baada ya siku chache ikaingia sauti ya Mama Neema kwenye simu yangu, mtandao unakatikakatika. "Tulisikia," anasema. "Mukuje. Anawangoja. Lakini weye, Papa Katibu, siku hiyo usiongee kitu."

Nimeapa, sitaongea. Siku hiyo ikifika tutafanya kile kile nilichotaka kusema tangu mwanzo, kila mmoja atashika pale mkono wake unapofika, na mimi nitasukuma kwa bega, mdomo nimeufunga.