Sanduku la Baba na Mguu Wangu wa Kushoto

Siku ya pili ya matanga, ndugu yangu mkubwa alisimama chini ya hema akaanza kutaja watakaobeba sanduku la baba. Kwetu gari la maiti halishuki. Linaachwa juu barabarani, na wana wa marehemu ndio humteremsha baba yao katikati ya majani chai mpaka chini karibu na mto, walikozikwa babu na nyanya. Alitaja wa mbele, akataja wa nyuma, na alipofika kwangu akaniangalia miguu mbele ya watu wote.

"Wewe, mguu yako iko aje?"

"Iko sawa."

"Sawa aje? Si juzi umeanguka kwa ngazi ya kanisa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilitaka kumzaba kofi. Katika familia yetu mkimbiaji ni mimi. Yeye huhema akifunga kamba za viatu. Nikamwambia aniweke upande wa kulia, mbele, na asiniulize tena. Nilitaka kitu kimoja tu, kumbeba baba yangu mara moja maishani, yeye aliyenibeba mara ngapi sijui.

Huu mguu wa kushoto uliharibika kwenye mpira wa Jumapili, uwanja wa shule, sisi wazee wa mtaa dhidi ya wazee wa mtaa mwingine. Niliruka kupiga kichwa nikatua kwenye shimo la fuko. Kifundo kikapinduka kwa ndani, nikasikia kitu kikikatika kama ukuni mkavu. Baba alinikalisha jikoni, akaweka maji moto na chumvi kwenye karai, akanikanda mpaka nikalia. "Ati mtu mzima anakimbia hivyo," akasema. "Kwani ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Uvimbe ulipokwisha nikarudi uwanjani. Huku kwetu uvimbe ukiisha umepona, chukua jembe uende shambani. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani kano zinaweza kubaki zimelegea hata mguu ukionekana mzuri kwa nje. Ukapinduka tena, tukaukanda tena. Ukapinduka Karatina sokoni nikiwa nimebeba kabichi, na mama mmoja akaninunia kwa kuangukia nyanya zake. Ukapinduka nikishuka kwa bodaboda. Siku moja ukapinduka nikiwa nimesimama tu kwenye foleni ya benki, wala sikuwa naenda popote. Mlinzi alidhani nimelewa.

Maumivu si kitu. Maumivu nimeyazoea. Kinachonimaliza ni kutojua ni lini. Kila hatua naiomba ruhusa. Tuna kikundi cha kukimbia Jumamosi asubuhi kwenye barabara za murram, zisizo na lami, kutoka mjini mpaka kwenye mashamba ya kahawa na kurudi. Wenzangu husema, "Ona mlima leo umetoka mawinguni wote!" Mimi naona mawe. Nimekimbia miaka mingi chini ya ule mlima nikikodolea macho changarawe. Zamani walikuwa wananingoja kwenye kona. Siku hizi wananiambia, "Tutakupata kwa chai," na hawana ubaya, lakini hilo neno huniuma kuliko mguu wenyewe.

Nilienda hospitali. Binti wa mazoezi ya viungo alinishika kifundo, akakivuta huku na huku, akasema kano zimelegea kama lastiki ya suruali kuukuu. Akanipa soksi ngumu ya kufunga, akanifundisha kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimefumba macho. Nikasimama. Nikipiga mswaki nasimama, nikingoja chai ichemke nasimama, watoto wangu wakiniita korongo. Nikapata nafuu, nikafurahi, nikaanza kuota mbio ndefu. Halafu mguu ukaenda tena kwenye ngazi ya kanisa, nikiwa na suti, baada ya ibada. Nilikaa pale chini nikasema, basi, nimechoka.

Sasa asubuhi baada ya ule mkutano nikafanya anachofanya mwanamichezo yeyote. Nikafanya mazoezi. Nilivaa ile soksi, nikakaza buti, nikajitwika gunia la viazi begani nikaanza kuishuka njia ya kaburini. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilienda vizuri, wee, nilienda vizuri kabisa! Pale penye mteremko mkali ninapopaogopa nilipita bila wasiwasi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilijiona kabisa nimembeba baba, ndugu yangu akihema nyuma yangu.

Kisha nikafika kwenye mti wa parachichi, mahali tambarare, hapana jiwe, hapana shimo. Mguu ukaenda.

Gunia lilitua kabla yangu, likapasuka. Viazi vikabingirika kati ya mistari ya majani chai, na mimi nikabaki kwenye matope nikivitazama. Sikuona viazi. Niliona sanduku la baba limefunguka mbele ya mama yangu na kanisa zima. Nililia kama mtoto. Sikumlilia baba, Mungu anisamehe. Nilijililia mimi.

Nikampata ndugu yangu akinywa uji. "Tafuta mtu mwingine," nikamwambia. Nilitamani anicheke, nipate sababu ya kugombana. Akasema tu, "Sawa," taratibu, na nikajua alikuwa ameshapata mtu. Ni mume wa dada yetu. Mtu wa Mwea! Mtu aliyezaliwa kwenye mpunga, nchi tambarare ambako hata maji hayajui yaende upande gani, ndiye aliyepewa bega langu.

Siku ya mazishi yule shemeji hakuteleza hata kidogo. Alivaa gambuti akashuka kama mtu wa kwetu, na nikamchukia kwa moyo wangu wote. Mimi nilipewa kazi ya kumshika mama. Mama ana magoti mabovu na hiyo njia siku hizi huishuka kwa shida, kwa hivyo nikaona angalau nina kazi. Nikampa mkono, tukafuata sanduku.

Hatukuwa tumeenda mbali mama akasimama. Nikadhani amechoka. Akaniachia mkono, akazunguka akaja upande wangu wa kushoto, upande wa bondeni, akanipitishia mkono kiunoni chini ya koti, ambapo watu hawangeuona.

"Niegemee, kijana yangu."

"Mama, mimi ndiye ninakushika."

"Wacha maneno mingi. Niegemee."

Nikamwegemea. Tulishuka hivyo, yeye akiuma meno kila hatua, mbele yetu baba akienda mabegani mwa watu wengine. Pale kwenye mti wa parachichi mguu ulicheza, nikamlemea mzima mzima, nikasikia magoti yake yakilia. Hakuniachia.

Baadaye, watu wakila, mjomba alikuja akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Umefanya kazi ya mwanaume leo," akasema. "Tumekuona vile umemshikilia mama yako mpaka chini."

Nikasema, "Asante, mjomba." Mama alikuwa kiti cha pili, akijikanda magoti, na alisikia kila neno.